UZI: Nimetengeneza wavuvi 200 ndani ya kompyuta na hakuna hata mmoja anayefanana na wa kweli. Nimekosea wapi?

#1 Fundi_wa_Namba (Malindi)

Wanajamvi, hamjambo. Uzi ni mrefu, kwa hivyo mwenye kahawa tungu ajimiminie kwanza.

Naandika tasnifu kuhusu jinsi watu wanavyokwepa macho ya sheria mahali panapolindwa. Swali langu linasemeka kirahisi: mtu akijua kuna doria, anaamuaje siku ya kuingia, saa ya kuingia na njia ya kutokea? Sikutaka kwenda mbali, nikachagua bahari yetu. Mbuga ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968 na wengi wetu tumezaliwa tukaikuta. Ndani ya mbuga hakuvuliwi kitu. Kandokando yake kuna eneo la akiba ambamo zana za kienyeji zinaruhusiwa. Mpaka upo kwenye ramani, lakini juu ya maji ni maboya machache na kumbukumbu za watu.

Mwaka huohuo wa 1968, mchumi mmoja wa Marekani, Gary Becker, alichapisha makala kuhusu uhalifu na adhabu. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1992 alisimulia wazo lilikotoka. Alikuwa amechelewa kwenda kumtahini mwanafunzi pale Chuo Kikuu cha Columbia. Ndani ya gari akawa anapiga hesabu: alipie maegesho, au aegeshe mtaani kinyume cha sheria na kubahatisha? Akabahatisha, na siku ile hakupata faini. Akiwa njiani akawaza kwamba huenda wanaotoza faini nao wamekaa mahali wanapiga hesabu kama yake.

Modeli yangu ndiyo hesabu hiyo. Faida ukifanikiwa, hasara ukikamatwa, uwezekano wa kukamatwa. Nikaumba wavuvi 200, nikawapa vyombo, nikaweka boti 1 ya doria. Nikipandisha faini, wanatoweka mbugani kama wamepulizwa. Nikiishusha, wanarudi. Safi mno. Nikamwonyesha mjomba wangu, aliyevua tangu ujana wake. Akatazama vidoto vikitembea kwenye skrini, akauliza: "Hawa mbona hawaangalii mwezi?"

Shida ya pili ni data. Nilipata rekodi za doria za mahali fulani (sipataji), nikaweka alama kila alipokamatwa mtu. Alama zimejazana karibu na boti inapolala, na kadiri unavyokwenda mbali zinapungua hadi kuisha. Je, huko mbali watu ni watakatifu? Nadhani nimechora ramani ya petroli nikaiita ramani ya makosa.

La tatu: nilikaa pwani asubuhi 3 mfululizo na daftari, nikihesabu vyombo vinavyoshusha samaki, ili nilinganishe na vidoto vyangu. Nilipata vichache ajabu. Labda ni msimu. Naomba mnisahihishe.

#2 Nahodha_wa_Mayungu

Mwanangu, mjomba wako amekujibu kwa neno moja na wewe umeliandika halafu ukalipita.

Anza na upepo. Kusi likivuma, kuanzia mwezi wa nne na kuendelea, mwenye ngalawa au mtumbwi havuki mwamba kwenda nje. Anabaki huku ndani pamoja na wenzake wote, mahali padogo, samaki wachache, na watoto wanakula kila siku. Kaskazi likitulia, bahari ni sahani, watu wanakwenda mbali kutafuta nguru na kolekole. Nani atahangaika na mpaka wa mbuga? Kwa hivyo ukiona kosa limepungua mwezi wa kumi na mbili usishangilie faini yako. Bahari imefunguka tu.

Halafu bamvua. Maji yakitoka sana mwamba unabaki mtupu, na hapo anayeingia hana chombo kabisa. Ni mtu na kijiti anachokoa pweza. Kwenye kompyuta yako wote wana vyombo. Huyu wa miguu umemweka wapi?

Na hiyo boti yako. Wewe unasema "uwezekano wa kukamatwa" kama unavyosema uwezekano wa mvua. Boti si mvua. Boti ina injini, na usiku usio na upepo unaisikia kabla hujaiona. Kusi likipiga huisikii. Ikipandishwa mchangani kutengenezwa, hata mtoto anayetoka chuoni na ubao wake anajua leo hakuna kitu. Hakuna mvuvi anayekadiria. Anatazama.

#3 Zamu_ya_Alfajiri

Niliwahi kufanya doria za majini miaka iliyopita. Wapi, na chini ya nani, niacheni nayo.

Nahodha amesema kweli, nami nasema upande wa pili. Tulikuwa tunatoka kwenda kuwatazama watu, kumbe pwani nzima inatutazama sisi. Kiongozi wetu mmoja, mtu makini, alichoka kukuta maji matupu. Akaandika siku kwenye vikaratasi, akatia ndani ya kofia, kila Jumapili usiku anachomoa. Hata sisi hatukujua kesho tunatoka au tunalala. Wiki za mwanzo tulikamata kuliko miezi yote iliyotangulia.

Kisha kofia ikashindwa, na haikushindwa kwa ujanja wa mtu. Mafuta. Yalikuwa yakiletwa siku maalumu, kwa jerikeni, mchana kweupe. Vikaratasi vikisema Jumatano na mafuta yakaja Alhamisi, tunatoka Ijumaa asubuhi na kurudi kabla ya sala. Baada ya muda mtu hakuhitaji kujua kofia inasema nini. Alihitaji kuona jerikeni.

Jambo jingine la kuweka kwenye modeli yako: tukifanya msako mkubwa wa siku 2 au 3, tukachukua nyavu na kupeleka watu mahakamani, pwani ilinyamaza hata tulipokuwa tumelala. Kiasi cha wiki 2 hivi. Halafu mmoja anajaribu, anarudi bila hadithi mbaya, kesho wanajaribu 5.

#4 Fundi_wa_Namba

Bwana Zamu, hadithi ya kofia imenifanya nisimame. Kuna watu wamejenga kofia hiyo kwa kompyuta! Milind Tambe na wenzake, walipokuwa Chuo Kikuu cha Southern California, walitengeneza programu ya kupanga vizuizi vya polisi katika uwanja wa ndege wa Los Angeles, ikaanza kutumika mwaka 2007. Inachomoa ratiba kwa bahati nasibu, ila sehemu zenye thamani zaidi zinapewa uzito zaidi. Baadaye waliigeuzia majangili. Mwaka 2014 waliijaribu katika mbuga ya Queen Elizabeth, Uganda. Dhana yao ni kwamba mshambuliaji anaketi kwanza anatazama, kisha anaamua. Sawasawa na anavyosema Nahodha. Na hiyo hofu inayobaki baada ya msako, Lawrence Sherman aliiandikia mwaka 1990: inabaki, kisha inaoza, kwa hivyo heri misako mifupi inayohamahama kuliko mmoja mrefu.

Sasa faini. Nimerudi kwenye hesabu nikaona nilipojidanganya. Chukueni namba za kubuni. Mvuvi akiingia asikutane na boti, anapata shilingi 3,000. Akikutana nayo, anapoteza 20,000. Kwake kuingia na kubaki nyumbani kunakuwa sawa pale uwezekano wa kukutana na boti ukifika takribani asilimia 13. Mwenye boti naye ana hesabu yake: kutoka kunamgharimu 4,000, na akikamata mtu anaona amepata kitu cha thamani ya 10,000. Kwake kutoka na kulala kunakuwa sawa pale anapoamini kuna mtu mbugani siku 4 katika kila 10.

Pandisha faini iwe 40,000. Siku 4 katika 10 hazitikisiki, maana zimetokana na mfuko wa boti wala si wa mvuvi. Kinachoshuka ni doria, kutoka asilimia 13 hadi 7. Faini kali inamfanyia boti kazi, boti inapumzika, mvuvi anaona inapumzika, anarudi. Nimesoma kwamba George Tsebelis alilisema hili mwaka 1989 na kulaumu watu wanaomchukulia adui anayefikiri kana kwamba ni hali ya hewa. Ni maneno ya Nahodha yaleyale: boti si mvua.

Kwenye modeli yangu ya kwanza boti haikufikiri. Ilizunguka tu kama pangaboi.

#5 Mama_Karanga_wa_Shela

Mimi nanunua samaki na kukaanga, ndiyo kazi yangu, na nimesoma uzi wote huku mafuta yakichemka.

Vijana wangu, mnasema "mvuvi anapoteza 20,000". Mvuvi gani huyo ana 20,000? Wavu si wake. Wavu ni wa tajiri. Chombo ni cha tajiri, mashine ya tajiri, na mchele uliopikwa nyumbani jana umechukuliwa kwa deni la tajiri. Wavuvi wakirudi, tajiri anatoa mgao wa chombo, anakata deni, wengine wanagawana kinachobaki. Wavu ukichukuliwa, aliyepoteza ni yule aliyekaa kivulini. Kijana naye anaongezewa deni. Na mwenye deni hachagui mahali pa kuvua, anakwenda anakoambiwa.

Kwa hivyo hesabu yako ina mtu mmoja pahali ambapo pana watu wawili. Anayeamua hakamatwi. Anayekamatwa haamui.

Na sisi mama karanga tumo pia, msitusahau. Samaki wadogo, wale tafi wa kiganja, tajiri hawataki maana hoteli haziwataki. Tunawachukua sisi. Wavu wenye macho madogo unaishi kwa sababu kuna karai linalosubiri. Nasema dhidi ya riziki yangu mwenyewe, lakini ni kweli.

#6 Mlinda_Haki

Samahani lakini huu uzi ni wa kufundisha watu kuvunja sheria. Mnaeleza boti inasikika lini, mafuta yanakuja lini. Wasimamizi wa jukwaa mko wapi?

#7 Nahodha_wa_Mayungu

Ndugu, hakuna mvuvi hata mmoja atakayejifunza hapa. Wasiojua ni nyinyi.

#8 Dereva_wa_Malindi_Mombasa

Naona mnaongea bahari, mimi wa lami. Mambo ni yaleyale. Sheria za matatu za waziri Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, zilituwekea vidhibiti mwendo, kilomita 80 kwa saa, abiria na mikanda. Hapo nyuma nilikuwa makanga. Kizuizi cha polisi kikiwekwa baada ya Kilifi, gari la kwanza linalokutana nacho linawasha taa kwa anayekuja. Huyo naye anampa mwenzake. Hatujuani, njiani tunagombania abiria hadi kutukanana, lakini kwenye taa sote ni ndugu. Mita mia kabla ya kizuizi sote malaika. Mita mia baada yake, Mungu anajua.

Swali kwa Fundi: hao 200 wako wanaambiana?

#9 Fundi_wa_Namba

Hawaambiani. Kila mmoja ni kama yuko peke yake duniani. Nimeona haya kuandika hili.

#10 Mwana_wa_Amu

Salamu kutoka kisiwani Lamu. Naandika Kiswahili cha vitabuni ili mnielewe, Kiamu changu kitawashinda.

Nataka kugusa neno "kukwepa", maana mnalitumia kana kwamba anayejificha lazima ana dhambi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, kulikuwa na miaka huku kwetu ambayo kuvua usiku kulipigwa marufuku kwa ajili ya usalama. Usiku ndio kazi ya wengi, taa na wavu. Mtu aliyelala akiwa mvuvi halali aliamka akiwa mkosaji, na hakubadilisha hata fundo moja la kamba. Na yule aliyetoka mchana halali, upepo ukamgeukia, akaingia mlango wa bandari kiza kimeshashuka? Kwenye daftari ni mkosaji sawa na mwingine. Modeli yako itamwekea kidoto chekundu. Hakukwepa mtu, alichelewa.

La pili. Meli kubwa, tani 300 kwenda juu zinazosafiri nchi hadi nchi, zinatakiwa kubeba kifaa cha AIS kinachotangaza zilipo. Kilitengenezwa ili vyombo visigongane. Kisha watu wakagundua kwamba kinachozuia kugongana kinaweza pia kumchongea mwenye chombo. Watafiti waliochunguza vyombo vya uvuvi kati ya 2017 na 2019 walikuta zaidi ya matukio 55,000 ambayo kifaa kinaelekea kuzimwa makusudi, mengi karibu na maji ya Argentina na Afrika Magharibi. Mtu wa haraka atasema wote wezi. Lakini wengine huzima kwa kuogopa maharamia, na sisi tunaopakana na Somalia hatuhitaji kuelezwa hilo. Wengine huzima ili mvuvi mwenzao asijue samaki wako wapi.

Hili la mwisho ndilo kongwe kuliko sheria zote. Babu yangu akirudi na chombo kimejaa alikuwa akizunguka kisiwa kizima ili aingie kwa mlango mwingine. Hapakuwa na askari. Alikuwa akimkwepa shemeji yake.

#11 Zamu_ya_Alfajiri

Hahaha. Tulikuwa tukiona vyombo vinazunguka hivyo tunavifukuza, tunakuta mtu ana samaki halali na leseni mfukoni. Tunamuuliza mbona ulikimbia, anasema "sikuwakimbia nyinyi." Hatukumwamini hata mmoja.

Na tukimkagua, tunaandika kwenye fomu: ukaguzi 1, kosa 0. Ukiandika sifuri nyingi unaulizwa kama unafanya kazi. Ukweli ni kwamba zamu iliyofaulu kabisa na zamu iliyolala zina fomu moja. Kwa hivyo vijana walianza kwenda pale ambapo hukosi mtu, wale wa miguu wenye pweza 2. Namba zikapanda. Waliokuwa na nyavu za kukokota huko mbali hawakuingia kwenye fomu, maana kuwafikia ni jerikeni nzima.

#12 Fundi_wa_Namba

Nimeibomoa modeli na kuijenga upya. Niwaambie nilichobadilisha, kisha mnipige tena.

Mvuvi wangu sasa hana namba ya "uwezekano" kichwani. Ana anachokiona na anachoambiwa: boti iko majini au mchangani, nani alitoka jana akarudi salama, upepo, mwezi. Wanaambiana, kwa ndugu na majirani kwanza, na habari ikifika mbali inafika imechelewa kidogo. Nimeweka watu wa miguu siku za bamvua. Nimemweka tajiri juu ya kila kundi la vyombo, naye ndiye anayeamua zana, huku faini ikishuka chini kama deni. Mama, hapo ndipo modeli ilipogeuka sana: nikipandisha faini, vijana wanazidi kuingia mbugani, kwa sababu deni limekua na lazima lilipwe. Nilidhani ni kosa la programu. Nilikagua kutwa nzima. Si kosa.

Boti nayo inafikiri, ina tangi la mafuta, na ina fomu ya kujaza. Nimeiambia ipende namba kubwa kwenye fomu. Ndani ya miezi michache ya kompyuta ikawa inazunguka mahali pamoja, inakamata wanyonge walewale, na ramani yake inathibitisha kwamba pale ndipo penye uhalifu. Kristian Lum na William Isaac walionyesha jambo la namna hii mwaka 2016 kwa polisi wa Oakland, Marekani: ukiilisha programu rekodi za kukamata watu, inakurudisha mitaa uliyokwisha kuizoea. Sikudhani nitaliona kwa pweza.

Bwana wa Amu, suala la aliyechelewa na anayemkimbia shemeji sijalitatua. Kwa sasa nimewapa wavuvi 20 kati ya 200 sababu za kujificha zisizohusu sheria. Boti haiwezi kuwatofautisha, na mimi nikitazama vidoto tu siwezi pia. Labda hiyo iwe sura yake peke yake.

Kimebaki kitu kimoja. Hata sasa modeli inatoa vyombo vingi zaidi ya nilivyovihesabu pwani zile asubuhi 3. Karibu mara mbili. Sijui nipunguze wapi.

#13 Dereva_wa_Malindi_Mombasa

Umeweka taa za magari? Natania. Kazi nzuri.

#14 Nahodha_wa_Mayungu

Usipunguze kwanza. Zile asubuhi ulikaa wapi, na ulikaaje?

#15 Fundi_wa_Namba

Chini ya mkungu, karibu na banda la barafu. Kiti cha plastiki, daftari, kofia, na darubini ndogo ya kuazima. Fulana ya chuo, ile ya kijani.

#16 Mama_Karanga_wa_Shela

Yallah. Kumbe ni wewe.

Mwanangu, siku ya kwanza kabla hujafungua daftari simu zilishapigwa mpaka Mambrui. Tuliambiwa kuna mtu wa kijani amekaa mkunguni anaandika. Vyombo vilishushia upande wa pili kwa siku 3, nami nilipanda boda kuwafuata samaki huko, shilingi 100 kwenda na 100 kurudi. Nakudai 600.